Mke Hayupo

Nilishuka Chapwa, pembeni mwa Tunduma, saa kumi na mbili kasoro jioni, nikiwa na mfuko wa vitasa vipya na hasira za safari ya siku mbili. Nilikuwa nimekuja kubadilisha vitasa, basi. Wapangaji wawili wa nyumba yangu ya huko walikuwa wamehama ndani ya miezi minne, wa tatu alikuwa anafunga mizigo, na wote walitoa sababu ileile. Nikaamua kwamba dawa yake ni milango inayofungika vizuri.

Niseme mapema, mimi ni mtu wa haraka. Wodini kwetu Masasi, ninakofanya kazi ya uuguzi, wananiita Sista Chapchap, na jina hilo nilikuwa nikilipenda. Hata ile nyumba niliinunua chapchap, kwa picha za simu. Dalali mmoja wa Tunduma, Rabson, alinitumia picha saba: tofali za kuchoma, bati jekundu, vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, korido ndefu katikati. Akaniambia mji wa mpakani haukosi mpangaji, nikichelewa ataichukua mwingine. Muuzaji alikuwa Mzee Osea, aliyekwisha kuhamia kwa binti yake Ihanda.

Kwenye hati ya mauziano palikuwa na mahali pa mke kuweka dole gumba, kuonyesha ameridhia nyumba iuzwe. Palikuwa patupu. Nikampigia Rabson.

"Mke hayupo, sista," akasema. "Mzee mwenyewe ameandika hapo chini. Mke hayupo."

Sikuuliza hayupo vipi. Mzee wa miaka sabini na kitu akiandika kwamba mkewe hayupo, mimi najua ni marehemu. Nikasaini, nikairudisha kwa basi.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, hilo nililijua. Kwa hiyo nikamtoa mama yangu shambani kwake Isansa, nikamweka chumba cha mbele awe msimamizi wangu. Hakutaka. Aliniuliza kahawa yake ataichuma nani. Nikamwambia, mama, ni mwaka mmoja tu.

Halafu simu zikaanza. "Mwenye nyumba anatusumbua," mpangaji wa kwanza akalalamika. "Kila jioni anatugongea." Wa pili akasema hivyohivyo. Mwenye nyumba ni mimi, nami niko Masasi. Nikajua wanamsema Mama, kwamba usimamizi umempanda kichwani. Nikampigia, nikamfokea. Ndiyo, nilimfokea mama yangu mzazi. Nikamwambia wapangaji si watoto wake, aache kuwafuatafuata milangoni.

Akaningoja nimalize.

"Mwanangu," akasema, "mimi jioni sitoki chumbani."

Tangu siku ile, simu zangu za jioni hakupokea tena. Mchana alipokea, lakini alinong'ona. Ndipo nikaomba ruhusa kazini, nikasafiri.

Barabara kuu ilikuwa imejaa malori yanayongoja kuvuka, vumbi na upepo wa baridi. Nikakata kichochoro hadi kwenye nyumba yangu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona kwa macho. Mlangoni nikamkuta Gwantwa, mpangaji wa mwisho, dada anayewauzia Wazambia vitenge. Alikuwa amemaliza kufunga mizigo yake.

"Wewe ndiye dada Judith? Mwenye nyumba?"

"Ndiye mimi."

Akageuka kutazama korido. "Basi mwambie mwenzio aniache nitoke salama. Mimi navuka mpaka, naenda Nakonde kwa shangazi."

"Mwenzangu yupi?"

"Mayo we! Kumbe hujui." Akashusha sauti. "Yule anayefagia."

Akajitwisha beseni na kuondoka mbiombio bila kuaga. Nikacheka kidogo, peke yangu. Kisha nikaingia.

Umeme ulikuwa umekatika. Korido ilikuwa na giza, na safi, safi kupita kiasi kwa nyumba iliyohamwa. Na kulikuwa na harufu... kimea. Ulezi uliooteshwa kwa ajili ya pombe, ukaachwa ukachacha.

Mama alikuwa amekaa kitandani, amejifunga shuka mabegani, simu iko mapajani. Alikuwa amekonda. Nilipoona mifupa ya shingo yake nikaona aibu, maana mimi ndiye niliyemleta pale. Tukaongea Kinyiha, kama tunavyoongea siku zote.

"Umekuja," akasema.

"Inuka, mama. Tutalala gesti, kesho tunaondoka na basi. Nyumba nitaiuza."

"Asubuhi," akanong'ona. "Jua likitoka tutaondoka. Sasa hivi yuko koridoni."

"Nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mi..."

Akaniziba mdomo kwa kiganja. Kiganja kikavu, chenye sugu za jembe, nilichokijua tangu utotoni.

Shwaa...

Ufagio. Kule mwisho wa korido.

Shwaa... shwaa...

Ulifagia, ukasimama. Kisha mlango wa chumba cha nyuma, chumba kitupu, ukagongwa mara tatu. "Hodi," ikasema sauti ya mwanamke. Sauti ya upole, kama ya jirani aliyekuletea mboga. Hakuna aliyeitika. Ufagio ukaendelea. Mlango wa pili. Wa tatu. Harufu ya kimea ikazidi, hata nikaihisi kooni.

Shwaa...

Ukasimama kwetu.

Ko. Ko. Ko.

"Usiitike," Mama akaniambia sikioni.

"Mama Judith," ile sauti ikasema taratibu, kwa Kiswahili. "Mimi nimechoka kushika nyumba."

Hofu yangu ina tabia mbaya ya kugeuka hasira. Nikavuta kitasa. Nikafungua.

Hakuna mtu. Ufagio tu, umeegemezwa ukutani.

"Twende!" nikasema. Nikamshika Mama mkono, nikamvuta.

"Asubuhi, Judith!" Alikuwa analia. "Nakuomba, mwanangu, asubuhi!"

Sikumsikiliza. Kutoka pale hadi mlango wa nje ni hatua kumi, na mimi wagonjwa wazito kuliko yeye nimewavuta. Nikaingia naye kwenye giza. Hatua ya nne au ya tano, mkono wake ukanichomoka.

Ilikuwa pumzi moja tu.

Nikapapasa gizani, nikaupata, nikavuta tena. Safari hii haukugoma. Ulinifuata vizuri kabisa.

Hatukusimama mpaka barabarani. Taa za lori zikammulika, nikamtazama. Alikuwa Mama. Uso wake, kilemba chake, kovu lake la kidevuni. Hakulia tena. Mkono wake ulikuwa laini na una unyevu, nikajiambia ni jasho la hofu. Simu yake na shuka tuliviacha kule, sikuthubutu kurudi.

Asubuhi, gesti, nilimpigia Mzee Osea. Namba yake ilikuwa kwenye hati.

"Shikamoo, baba. Mimi ndiye niliyenunua nyumba ya Chapwa. Mkeo alifariki lini?"

"Marahaba. Nani kakwambia Fides amefariki?"

"Uliandika hayupo."

"Ndiyo, hayupo." Akakohoa. "Alikuwa ameotesha kimea cha pombe, akaingia koridoni jioni moja na ufagio, hakutokea upande wa pili. Miaka tisa sasa. Tulimtafuta, tukaombewa, tukachoka. Tukawa tunamsikia tu. Nilipoondoka nilimwomba anifuate, akasema hawezi, mpaka apatikane mwanamke mwingine wa kumshikia nyumba. Nasikia ulimweka mama yako."

"Nimeshamtoa."

"Saa ngapi?"

"Jana jioni."

Nilisikia kuku wakilia uani kwake, na yeye akipumua.

"Ungengoja asubuhi, mwanangu," akasema, akakata.

Nikageuka. Mama alikuwa ameshatandika kitanda cha gesti, na sasa alikuwa amechuchumaa, anakusanya vumbi la sakafu kwa kiganja.

Tuko Masasi, mwezi wa pili sasa. Majirani wanampenda. Anapika vizuri kuliko zamani, anafagia uwanja wangu na wa jirani, haulizii kahawa yake hata siku moja. Nikimsemesha Kinyiha anatabasamu, kisha ananijibu Kiswahili. Mwanzoni nilisema ni mshtuko, baadaye nikasema ni uzee. Naogopa. Nalisema waziwazi, naogopa, na bado sijamuuliza kitu.

Jumapili iliyopita Rabson, niliyemwachia nyumba aipangishe mpaka apatikane mnunuzi, alinitumia ujumbe. Nyumba yote imejaa, sista. Wapangaji wanamsifu mama, eti siku hizi hagongi mtu, anafagia tu na kulia kidogo. Niliandika kwamba mama yangu yuko kwangu. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena.

Jana jioni, simu yangu ikaita. Kwenye kioo palikuwa na neno moja: Mama.

Nikapokea.

Mwanzoni ulikuwa upepo. Kisha nikasikia mtu anavuta kamasi, kama aliyelia mpaka machozi yamemwishia. Aliongea Kinyiha, polepole, bila kunilaumu.

"Judith, mwanangu. Mbona hukuningoja?"

Nyuma yangu, jikoni, sufuria iliepuliwa. Nyayo zikaja hadi mlangoni, zikasimama.

"Unaongea na nani?" akaniuliza, kwa upole. "Njoo ule, chakula kinapoa."

Upande wa pili wa simu, Mama alikuwa bado ananiita.

Nikakata. Nikaenda kunawa mikono.