Jenereta ya Papa Modeste

Jumapili ile soko la Gare du Midi, Brussels, lilifurika watu, na Rolande alivaa kitenge cha njano kilichomkaa vizuri kupita kiasi kwa mtu aliyekuja kutafuta waya. Aliinamia sanduku la nyaya kuukuu, akivuta huu na kurudisha ule, mara mkono mwingine ukaushika waya alioushika yeye.

"Maman, hii uiachie tu. Imekatika ndani."

Alikuwa kijana wa shati jeupe na ndevu zilizochongwa, mwenye tabasamu la mtu anayejua kwamba analo.

"Mi si maman yako. Na wewe ni nani, docteur wa mafil?"

"Séraphin, wa Lubumbashi. Minatengeneza vyombo vya muziki. Unaunganisha nini na nini?"

Rolande akaeleza, kwanza kwa kiburi, kisha kwa furaha. Baba yake, Papa Modeste, aliongoza kwaya ya parokia huko Bukavu, na bado anaishi huko. Kanda za kwaya ile Rolande alizihamishia kwenye seva ndogo ya muziki. Seva hutoa tarakimu tu, kigeuzi ndicho huzifanya kuwa sauti, na kati ya viwili hivyo lazima pawe na waya. Muuza duka alimwambia USB ndiyo kiboko, naye alitaka wa akiba.

"Inatoa mpaka groupe électrogène, jenereta ya parokia," alijisifu. "Inanguruma nyuma ya kwaya. Ni kama niko Bukavu."

Séraphin alikunja uso kidogo. Aliomba namba ya simu. Alipewa.

Ikawa simu asubuhi, simu mchana, chérie huku na bébé kule, chips na matembezi Chaussée d'Ixelles, hata Rolande akampa ufunguo wa nyumba yake ya Auderghem.

Jioni moja alirudi kutoka kazini, kwenye nyumba ya wazee anaowahudumia, akamkuta Séraphin amejiketisha kama bwana harusi.

"Keti, chérie. Sikiliza."

Kwaya ikaanza, safi kabisa. Rolande akatega sikio.

"Groupe iko wapi?"

"Haiko tena! Nimebadilisha fil. Ile ya USB inabeba muziki pamoja na umeme wa seva, na umeme njo inanguruma. Hii inabeba mwanga tu. Umeme haina njia."

"Umefuta groupe ya papa!"

"Sijafuta kitu, Rolande. Kelele ilitoka hapa hapa..."

"Ile si kelele! Ni kwetu! Nani alikuambia uguse? Toka."

Séraphin aliweka ufunguo mezani akatoka. Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena, mwisho akaacha. Rolande alirudisha waya wa USB, jenereta ikarudi, naye akafurahi kwa muda wa wimbo mmoja hivi. Baada ya hapo kila wimbo ulimkumbusha Séraphin, na jambo hilo lilimuudhi sana. Alimtaka mtu wake, na kiburi kilimshika mkono kila alipoigusa simu.

Siku moja katikati ya wimbo baba yake akapiga. Rolande akausimamisha wimbo.

"Allô, papa!"

"Mutoto wangu, uko kwenye mashine ya kusaga?"

"Hapana, papa. Niko nyumbani."

"Alors ni nini inanguruma hivi?"

Rolande akageuka. Kwaya nzima ilikuwa kimya. Jenereta ya Bukavu iliendelea na kazi yake peke yake, sebuleni Auderghem.

"Papa... siku mulirekodi, groupe ya parokia ilikuwa inawaka?"

"Groupe gani? Ile mwaka hatukukuwa nayo. Tulirekodi na radio ya mapile, betri tu."

Rolande alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akampigia Séraphin.

"Nimefukuza muntu wangu juu ya kelele ya umeme."

"Muntu gani huyo?"

"Wewe, Séraphin! Kuya, tafadhali."

"Nilete fil?"

"Fil iko hapa. Lete wewe mwenyewe."

Alifika amelowa mvua, shati limemganda mwilini. "Nilipashwa kukuuliza kwanza," alisema mlangoni. "Ni sauti ya papa yako."

"Nyamaza, ingia."

Wakauchomeka waya wa mwanga pamoja. Kabla ya kwaya kuanza, Rolande alimsikia baba yake akivuta pumzi. Hakuwahi kuisikia pumzi ile. Séraphin akamshika mkono, akaomba aitiwe Papa Modeste, sasa hivi, kwa video.

"Ni wewe njo ulizima groupe yangu?" mzee aliuliza baada ya kusimuliwa.

"Njo mimi, papa. Na ninaomba ruhusa ya kuleta wakubwa wangu kwenu, juu ya Rolande."

Mzee akakohoa. "Hapo Brussels, ndugu yangu, Tonton Bertin, njo atanisimamia. Lakini nipe mutoto kwanza."

Rolande akaichukua simu. Angeweza kwenda nayo chumbani. Alibaki pale pale.

"Unamupenda?"

"Namupenda, papa. Namupenda sana. Tangu nilimufukuza, hii nyumba ilinishinda."

Séraphin aligeukia kigeuzi, akajifanya anakaza waya uliokwisha kukazwa.

"Huyo kijana analia?"

"Analia, papa."

"Bon. Akuye na wakubwa wake."