Kisanduku cha Nywila

Haya yalimkuta Atuganile, rafiki yangu mwenye steshenari pale Katandala. Mchana huo Herieth alikuja asaidiwe kutuma maombi ya ajira, mwisho saa kumi jioni. Kila wakigusa fomu, kisanduku kinaibuka kwenye skrini: "Nihifadhi nywila?" Atuganile akabonyeza hapana. Kikarudi. Akaifuta kabisa ile programu ya kutunza nywila, akazima laptopu, akaiwasha. Kikarudi.

Mara umeme ukakatika. Wingu la mvua lilishatanda, chumba kikawa giza, ukabaki mwanga wa skrini tu.

"Dada, unanipotezea muda!" Herieth alifoka.

"Hebu nyamaza!" Atuganile akaigeukia laptopu, akaibetulia midomo. "Na wewe, shikamoo basi, bosi! Unataka nini kwangu?"

Vitufe vikaanza kulia, ta, ta, ta. Vidoti vyeusi vikajipanga kwenye nafasi ya nywila, kimoja kimoja, hadi vinane. Mikono ya Atuganile ilikuwa kiunoni. Herieth alikuwa ameshafika mlangoni.

Atuganile akabonyeza alama ya jicho, ile inayofichua nywila.

"marahaba"