Sebuleni kwa Shangazi

Shangazi alikutwa ameketi kwenye kochi lake, shingo imelala upande, macho yameelekea televisheni ya ukutani. Kwenye kioo maandishi makubwa meupe yalikuwa yakingoja jibu: "Je, bado unatazama?"

Inspekta alisimama mbele ya maandishi yale. Maiti alishazizoea. Lakini kuulizwa swali na ukuta wa marehemu, hilo hapana jamani!

"Zima kitu hicho," alimwambia konstebo. Kisha akabadili mawazo. "Hapana, acha. Kisiguswe."

Daktari wa uchunguzi alikuwa akivua glovu. "Amenyongwa kwa mikono, jana jioni. Alipambana, mama huyu. Kuna ngozi ya mtu chini ya kucha."

"Mlango?"

"Haukuvunjwa, afande," konstebo akadakia. "Alifungua mwenyewe. Wala hakuna kilichoibwa."

Waliomkuta ni binti wa kaka yake, Mama Kidoti, na mwanawe Kidoti, aliyepewa jina hilo kwa alama iliyo shavuni. Walikuwa wamelala hospitali, mtoto ana homa. Homa ile ndiyo iliyowaokoa.

"Ni mume wangu," Mama Kidoti alisema kituoni.

"Ulimwona?"

"Sijamwona tangu nilipomtoroka. Alikuwa akinipiga, afande, akishamaliza ananiletea chai na kuniuliza nalia nini."

"Nani alijua uko kwa shangazi yako?"

"Hakuna. Laini ya simu nilibadili. Mtoto nilimhamisha shule. Hata mama yangu mzazi sikumwambia." Akamshika inspekta mkono. "Amejuaje? Popote utakaponipeleka atajua tena!"

Inspekta aliwapeleka kwenye nyumba ya siri ya ustawi wa jamii, nyumba isiyo na kibao mlangoni. Kidoti alipoiona televisheni ukutani alichangamka.

"Tazama katuni, mwanangu, pumzika," inspekta alimwambia, kwa mdomo wake mwenyewe.

Baba Kidoti alikuwa seremala. Karakana yake ilikutwa imefungwa, na majirani walisema ameondoka na sanduku la vifaa. Inspekta akarudi eneo la tukio. Alama za vidole zilishachukuliwa. Akashika rimoti, akafungua mipangilio ya huduma ya vipindi vya mtandaoni kwenye televisheni.

"Konstebo, njoo usome hapa. Akaunti hii ya nani?"

"Baba Kidoti," konstebo akasoma.

Kumbe mtoto alipofika pale alizililia katuni zake, akaingiza namba ya siri ya akaunti ya nyumbani kwao, aliyoikariri kama jina lake. Mama alibadili kila kitu, televisheni akaisahau. Nani angeikumbuka? Tangu hapo, kila kilichotazamwa pale baba alikiona kwenye simu yake: kipindi gani, saa ngapi, televisheni ipi. Na shangazi, masikini, televisheni ilipomwuliza aipe jina, aliipa kwa fahari: Sebuleni kwa Shangazi.

Chini ya jina hilo kulikuwa na jingine. Ofisi ya ustawi ina nyumba kadhaa, na ili televisheni zake zisichanganywe, kila moja iliandikwa mahali ilipo.

"Nyumba ya Akina Mama, Nyuma ya Posta," ilisema. "Inatazamwa sasa." Kidoti alikuwa ameingiza namba ile huko pia.

Inspekta akampigia simu mlezi wa nyumba ile. Inaita tu. Akapiga tena. Inaita.

"Gari! Haraka!"

Njia nzima aliomba Mungu huku anamfokea dereva. Mlezi aliwapokea getini kwa tabasamu. "Karibu, afande. Simu niliiacha jikoni. Leo wageni wameniandama. Hata fundi wa ofisi yuko juu, anatengeneza kitasa."

Inspekta alipanda ngazi mbili mbili, bastola mkononi. Mwanamume alikuwa amepiga magoti mlangoni, patasi imezama kwenye kitasa, anaongea kwa sauti ya kubembeleza.

"Kidoti, nifungulie, ni baba. Katuni ya sungura ni nzuri, eeh? Nimeona umeirudia."

Ndani, sungura alikuwa akiimba. Kabati lilikuwa likiburutwa kuelekea mlangoni.

"Weka patasi chini! Mikono juu!"

Aligeuka taratibu. Shavu lake lilikuwa na mikwaruzo ya kucha. Konstebo akamfunga pingu.

Katika chumba cha mahojiano, yeye ndiye aliyeanza kuuliza.

"Mwanamume yuko wapi?"

"Mwanamume gani?"

"Usijifanye hujui, afande. Nilikuwa naona kila kitu. Mchana katuni, sawa, huyo mwanangu. Lakini jioni, kule kwa shangazi, ndondi. Ndondi! Raundi zote, kila siku. Mke wangu akiona damu anafumba macho. Nani anatazama ndondi kwenye nyumba ya wanawake?"

"Ukaenda kumtafuta."

"Nilibisha hodi, bibi kizee akanifungulia. Nikamwuliza kwa adabu, shikamoo na kila kitu: anayetazama ndondi ni nani? Akacheka. Akasema, 'Ni mimi.'"

"Halafu?"

"Nikamwuliza tena. Akasema, 'Ni mimi, baba, kwani vipi?' Ananifanya mjinga! Nikamkaba aseme ukweli." Akaitazama mikono yake. "Hakusema."

Inspekta alitoka. Mama Kidoti alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mtoto amelala mapajani.

"Kwa shangazi, nani alikuwa akitazama ndondi?"

Mama Kidoti alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Si yeye mwenyewe! Alikuwa akirusha ngumi pale kochini mpaka chai inamwagika. Tulikuwa tukimtania tutamnunulia glovu."

Inspekta akarudi kwa mtuhumiwa, akakaa, akamweleza neno kwa neno. Hakukuwa na mwanamume. Hakujawahi kuwa na mwanamume. Bibi kizee alisema kweli mara zote mbili.

Baba Kidoti alisikiliza kichwa kimeinama. Inspekta alingoja chozi, au hata pumzi ya majuto.

"Pole, afande," akasema mwishowe, kwa upole kabisa. "Na wewe wamekudanganya."