Noti za Jumatano

Siku ya Jumatano soko la Taveta hufurika watu. Hapo ndipo Fanuel, kijana wa ofisi ya serikali Voi, alipojikwaa kwenye kigoda cha Kasiva, mrembo mwenye dera la manjano aliyekuwa akibadilisha fedha za Kenya na za Tanzania.

"Pole, dada. Nakusanya maoni. Serikali inataka kuamua kama tujiunge na sarafu moja ya Afrika Mashariki. Unaonaje?"

"Sarafu ikiwa moja, mimi nitabadilisha nini? Maembe?"

Fanuel akacheka, akaomba abadilishiwe mia mbili, apate za Tanzania.

"Lakini sheria yangu ni moja," Kasiva akamwambia. "Ukishapokea, hakuna kurudisha."

Tangu hapo kila Jumatano alikuja na mia mbili. Simu nazo zikawa hazikatiki.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje na wewe uko Voi?"

Kisha redio ikatangaza kwamba wafanyabiashara wa Taveta wameunga mkono sarafu moja. Wee! Kasiva alikuwa amepinga kwenye mkutano wa maoni ulioitishwa na ofisi ya Fanuel mpaka sauti ikamkauka. Ila mlangoni alitia sahihi karatasi ya mahudhurio, maana bila sahihi hakuna soda, na sahihi hizo zote zikahesabiwa kuwa za kukubali.

"Fanuel, umeniuza kwa soda!"

"Kasi, hebu nisikize..."

"Usinipigie tena!"

Akakata simu, akalia. Simlaumu. Kigoda kile ndicho kilichomlisha yeye na mama yake.

Fanuel ndiye aliyeiambatisha karatasi ile kwenye ripoti ya waliokubali bila kuangalia. Akaingia kwa mkubwa wake, akakiri kosa huku akijua anaweza kufutwa, akasoma maoni ya Kasiva neno kwa neno, hata maembe. Jumanne redio ikasema watu wa mpakani watasikizwa upya kabla serikali haijaamua.

Kesho yake akatokea sokoni na bahasha. Ndani mlikuwa na zile noti za Tanzania, zote.

"Kumbe hukuzitumia?"

"Nizitumie wapi? Sijavuka mpaka hata siku moja. Nilikuwa nakuja kwako tu. Nisamehe, Kasi. Nataka kukuoa."

"Na hiyo sarafu moja ikija?"

"Tutauza maembe."

Kasiva alicheka huku machozi yakimtoka, soko zima likimtazama. Akampa mkono, Fanuel akaupokea kwa mikono miwili.

"Sheria yangu unaijua," akamwambia. "Hakuna kurudisha."