Swali la Moshi

Ketsia alikuwa amechoka kabla jua halijapanda. Alikuwa amechota maji ziwani mara mbili, akapika uji, akamwogesha mama yake Arlette. Sasa walikaa kwenye benchi la kituo cha afya, huko Baraka, mama akimwegemea begani. Saratani ya titi ilikuwa imemkondesha, nguo zote zikawa kubwa.

Siku hiyo damu ilikuwa ikikusanywa kwa ajili ya utafiti. Muuguzi Nicolas aliwaeleza taratibu.

"Ndani ya chembe nyeupe za damu iko nyuzi zenye kubeba maagizo ya mwili. Zinaweza kukatika. Batapima zenye zimekatika kwa bagonjwa na kwa batu bazima, balinganishe."

Mishipa ya mama ilijificha. Sindano ya kwanza haikupata kitu, ya pili vilevile. Ya tatu ndiyo iliyoleta damu, na Ketsia aligeuza uso asione.

Georgette, mdogo wake mama, alitoa damu upande wa watu wasio wagonjwa. Hakujua kusoma, kwa hiyo Ketsia alimjazia fomu. Alipofika kwenye swali la moshi, kama mtoa damu hukaa penye moshi mara kwa mara, nusura acheke. Miaka kumi na miwili Georgette alikuwa akikausha samaki kwa moshi katika jiko lisilo na dirisha, hata kitenge chake cha kanisani kilinuka moshi.

"Andika hapana," Georgette alinong'ona.

"Lakini mama mudogo, we iko mu moshi kila siku."

"Nyamaza! Batasema damu yangu imeharibika. Nani atanunua samaki yangu?"

Ketsia hakuwa na nguvu ya kubishana. Akaandika hapana.

Nicolas alipanga chupa za damu ndani ya sanduku la barafu. "Hii ya Arlette italinganishwa na hii ya mudogo wake," alisema, akalifunga. Nje, pikipiki ya kupeleka damu maabara huko Uvira ilikuwa imekwisha kuwashwa. Ketsia alitazama pamba tatu kwenye mkono wa mama, moyo ukamuuma. Sindano zote zile zingekuwa za bure.

"Muganga, mungoje kwanza!" alisema kwa sauti. "Nimeandika uongo. Mama mudogo anakausha samaki mu moshi."

Georgette alitamani ardhi ipasuke immeze. Nicolas hakukasirika. Alifungua sanduku, akamwonyesha Georgette kwamba chupa ilikuwa na namba tu, bila jina.

"Hakuna mutu wa soko atajua, mama. Lakini moshi nayo inaweza kukata zile nyuzi. Tusipoiandika, tutadanganyika sisi bote."

Georgette aliinama kuitazama ile namba. "Basi andika ndiyo," alisema. "Miaka kumi na mbili. Na leo hii natoa ile jiko inje."

Fomu ikarekebishwa, pikipiki ikaondoka.

Njiani kurudi nyumbani, mama alisimama kupumzika kila baada ya nyumba chache. Ketsia alimwomba msamaha kwa kuandika uongo ule.

"Ile damu haitaniponyesha mi," mama alimwambia. "Labda itasaidia mama mwingine kesho. Lakini ikilinganishwa na uongo, haisaidii mutu. Najua umechoka, mwanangu. Ukichoka, uniambie, tukae chini tupumzike. Usiandike uongo sababu umechoka."

Wakakaa chini kando ya barabara, wakapumzika.