Nne Mara Sita

Kengele ya mwisho ilipolia, darasa la kidato cha kwanza lilimwagika nje kama kawaida, wengine wakiburuta mabegi, wengine wakigombania mpira kabla hata hawajafika uwanjani. Msichana mmoja alibaki. Alibaki kila siku, na hakuna aliyemuuliza sababu. Alifuta ubao, akavuta dawati lake karibu na dirisha, akatoa karatasi na kuanza kuhangaika na maswali ya mashindano ya hisabati, yale ambayo hata ukikariri kanuni zote za kitabuni bado yanakutoa jasho.

Wenzake walimpachika jina la Kikokotoo. Mwanzoni alilipenda, akidhani ni sifa. Baadaye akaona kwamba kikokotoo huazimwa, kikatumika, kikarudishwa. Walimjia asubuhi kabla ya vipindi, "Kikokotoo, hebu nione la tatu umefanyaje," wakanakili haraka haraka, kisha wakati wa mapumziko hakuna hata mmoja aliyemsogezea nafasi kwenye benchi. Si kwamba walimchukia. Hawakuwa na la kumwambia, naye hakuwa na la kuwaambia. Jaribu wewe kumsimulia mtu anayekula biskuti kwamba umegundua jambo la ajabu kuhusu namba, uone kama atamaliza kutafuna kabla hajakukimbia.

Nyumbani hali ilikuwa ile ile. Aliishi na shangazi yake, fundi cherehani, katika vyumba viwili nyuma ya duka la ushonaji. Mama yake alifanya kazi mji wa mbali na alipiga simu Jumapili. Shangazi alimpenda sana, hilo halina ubishi, lakini cherehani ina kelele, na shangazi akishona hasikii. Mara nyingi msichana alisimulia swali zima, mwanzo mpaka mwisho, halafu shangazi akainua kichwa na kusema, "Umesema unataka chai?"

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini aliyataka mashindano ya mwaka ule kwa roho yake yote. Haikuwa zawadi iliyomvuta. Shule ilitakiwa kupeleka wanafunzi watatu kwenye kambi ya wiki nzima, ambako watoto wa shule nyingi wangelala bweni moja na kutatua maswali asubuhi hadi jioni. Wiki nzima na watu wanaozungumza lugha yake! Alikuwa ameanza hata kufikiria atakaa kitanda cha juu au cha chini. Nafasi mbili zilikuwa za vijana wa kidato cha nne. Ya tatu, mwalimu wa hisabati alisema wazi, ingekwenda kwa atakayeongoza katika jaribio miongoni mwa wadogo.

Swali gumu la jaribio lilikuwa hili. Chukua namba tasa yoyote iliyo kubwa kuliko tatu, yaani namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, kama tano, saba au kumi na moja. Izidishe kwa yenyewe, kisha toa moja. Thibitisha kwamba utakachopata kitagawanyika kwa ishirini na nne siku zote. Tano mara tano ni ishirini na tano. Toa moja, ishirini na nne. Saba mara saba ni arobaini na tisa. Toa moja, arobaini na nane. Inakubali. Lakini kujaribu namba mbili tatu si kuthibitisha, maana namba tasa hazina mwisho.

Kikokotoo alilisoma, akatabasamu. Alijua kwamba ukizidisha namba kwa yenyewe ukatoa moja, ni sawa na kuzidisha majirani zake wawili, yule wa chini na yule wa juu. Majirani wa tano ni nne na sita, na nne mara sita ni ishirini na nne. Majirani wa namba tasa kama hiyo wote ni shufwa, kila mmoja anagawanyika kwa mbili, kwa hiyo wakizidishwa unapata kitu kinachogawanyika kwa nne. Tena mmoja wao lazima agawanyike kwa tatu, kwa sababu katika kila namba tatu zinazofuatana moja hugawanyika kwa tatu, na namba tasa yenyewe haiwezi. Kitu kinachogawanyika kwa mbili na kwa tatu kinagawanyika kwa sita. Basi, akaandika kwa mwandiko wa madaha, kinagawanyika kwa nne na kinagawanyika kwa sita. Nne mara sita ni ishirini na nne. Imethibitishwa.

Mwalimu alimpa alama zote za swali lile na kuibandika karatasi yake kwenye ubao wa matangazo. Aliyemfuata, nyuma kidogo tu, alikuwa msichana wa mkondo wa pili waliyemwita Miwani, mpole kupita kiasi, ambaye mapumziko yake yote huishia maktaba. Hawakuwa wamewahi kuzungumza. Lakini wiki ile, kila Kikokotoo alipopita pale, alimkuta Miwani amesimama mbele ya karatasi ile, akiisoma. Wivu tu, alijisemea, akapita kichwa juu.

Jumamosi mchana alikuwa dukani akimsaidia shangazi. Shangazi alikuwa na kazi ya sare, mashati na makoti, na alimpa boksi la vifungo avipange. Vifungo huja vimeshonewa kwenye kadi, kumi na viwili kila kadi.

"Usivichanganye," shangazi alisema, uzi mdomoni. "Shati linakula vifungo vinne, koti linakula sita. Kadi moja inamaliza mashati matatu au makoti mawili, hakibaki kitu."

Msichana aliitikia, akachomoa kadi ya kwanza. Halafu mkono wake ukasimama. Kumi na mbili inagawanyika kwa nne. Kumi na mbili inagawanyika kwa sita. Je, kumi na mbili inagawanyika kwa ishirini na nne? Haiwezi, ni ndogo kuliko hiyo ishirini na nne. Basi kugawanyika kwa nne na kwa sita hakutoshi kukufikisha kwenye ishirini na nne. Mstari wake wa mwisho, ule wa madaha, ulikuwa na tundu ambalo ng'ombe angepita.

Aliigeuza ile hoja huku na huku, akitafuta upande utakaomwokoa, asiupate.

"Mbona umepoa?" shangazi aliuliza, na safari hii alisimamisha cherehani.

Msichana akamweleza. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Sasa hiyo ishirini na nne, ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, shangazi. Ila mimi sijaithibitisha. Nimefika kwa njia isiyokuwepo."

"Na mwalimu amesoma, akapitisha?"

"Amepitisha."

Shangazi alitoa uzi mdomoni. "Basi nyamaza, mwanangu. Mimi hesabu yangu inaishia kwenye futi, lakini macho ninayo. Nakuona unavyokaa peke yako. Nenda kambini ukapate wenzio. Mwalimu akikosea, ni kosa la mwalimu."

Alisema kwa mapenzi, na ndiyo maana maneno yale yalikuwa mazito kuyakataa. Msichana alinyamaza Jumapili yote. Hata mama alipopiga simu na kumpongeza, alijibu "ahsante" akampa shangazi simu. Jumatatu na Jumanne alinyamaza pia. Alijaribu kufikiria kambi kama zamani, lakini kila alipojiona bwenini na wenzake wapya, mmoja wao alimuuliza, "Ulithibitishaje lile swali la ishirini na nne?" naye akakosa la kusema. Alikuwa amezoea upweke wa kukosa watu. Huu wa kuwa na siri ulikuwa mwingine, na ulimfuata mpaka kitandani.

Jumatano alipiga moyo konde, akaenda ofisi ya walimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Jina lako linakwenda Ijumaa, usiwe na wasiwasi."

"Mwalimu, ule uthibitisho wangu si sahihi."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Msichana akamwonyesha mstari, akamtajia kumi na mbili. Mwalimu alikodoa macho, akasugua paji la uso.

"Nani amekuonyesha hili?"

"Vifungo, mwalimu."

"Vifungo?"

Akaeleza. Mwalimu alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Karatasi zilikuwa rundo. Niliona ishirini na nne pale chini nikatia tiki. Kosa langu hilo." Akavuta orodha ya alama. "Unajua nikipunguza alama, nafasi inakwenda kwa wa pili?"

"Najua."

Alijua, lakini tusimfiche: moyoni alikuwa akiomba mwalimu aseme basi, yaishe, umeshajirekebisha, utakwenda tu. Mwalimu hakusema hivyo. "Ningependa kukwambia vingine," alisema polepole, "ila kwa mwenzio isingekuwa haki."

Habari hazikukaa. Asubuhi iliyofuata darasa zima lilijua. "Umejichongea mwenyewe," mmoja alimwambia. "Nani alikuuliza?" Mwingine akasema Kikokotoo kimeharibika, watu wakacheka, kisha wakakiazima hicho hicho kwa ajili ya kazi ya nyumbani. Jioni, darasa lilipokuwa tupu, hakufuta ubao. Alilaza kichwa kwenye dawati akalia, si kwa kuvuta makamasi kistaarabu, alilia hasa. Kambi haikuwepo tena, na safari hii hakuwa na mtu wa kumlaumu.

"Samahani," sauti ilisema mlangoni.

Alikuwa Miwani, amekumbatia karatasi kifuani. Kikokotoo alifuta uso kwa mkono wa sweta. "Umekuja kunishukuru? Haina haja."

"Nimekuja kukuomba radhi," Miwani alisema. "Nililiona lile tundu. Tangu siku ya kwanza walipobandika."

Kikokotoo alimkazia macho. "Uliliona, ukanyamaza?"

"Ningesema ungeniona nina wivu. Kila mtu angeniona nina wivu. Nikawa nakwenda pale kila siku, nasoma tena, nasema leo nitamwambia, halafu nakuona unapita umeinua kichwa, naogopa." Alikunja pembe ya karatasi yake. "Hakuna mtu mwingine aliyesimama pale kusoma. Tulikuwa tunajua wawili tu shule nzima, na hatukuambiana."

Kikokotoo alitaka kukasirika, akatafuta hasira asiione. Kitu kilichokuja mdomoni kilikuwa swali. "Wewe uliandika nini?"

Miwani akamsogezea karatasi. Alianza na majirani wale wale wawili. Lakini yeye aliona kwamba namba mbili shufwa zinazofuatana, moja yake hugawanyika kwa nne: mbili na nne, nne na sita, sita na nane. Kwa hiyo zikizidishwa, mbili ya huyu na nne ya yule, unapata kitu kinachogawanyika kwa nane. Chini yake aliandika tu: "Hapa nimekwama."

"Nane," Kikokotoo alisema. Alisimama. "Una nane. Mimi nina tatu."

"Ile uliyoificha ndani ya sita?"

"Ile ile, ya namba tatu zinazofuatana!" Alikuwa ameshashika chaki. Wakaandika pamoja, mmoja akisema, mwingine akibisha. Miwani akauliza kama nane na tatu hazina ule ugonjwa wa nne na sita. Wakaangalia: nne na sita zote zina mbili ndani yake, na hiyo mbili ilihesabiwa mara mbili, lakini nane na tatu hazina kitu cha kuchangia. Kila kinachogawanyika kwa nane na kwa tatu kinagawanyika kwa ishirini na nne. Mstari wa mwisho ulisimama wima.

Mwalimu alikuwa akipita kwenda nyumbani. Alisimama mlangoni, akasoma ubao kuanzia juu, mstari kwa mstari, bila haraka. Safari hii alisoma mpaka chini. Kisha akawatazama na kuona macho mekundu ya mmoja wao.

"Najua bado inauma," alimwambia. "Lakini sikiliza, binti yangu. Ungenyamaza, ungekwenda kambini na kitu cha kuficha, na mtu mwenye kitu cha kuficha huwa peke yake hata bweni likijaa. Umesema ukweli, umepoteza nafasi, na mtu ameweza kukusogelea." Miwani naye akakiri kwamba aliliona tundu tangu mwanzo, akaogopa kuonekana ana wivu. Mwalimu akamgeukia. "Nawe, kumwonyesha mwenzio kosa lake si wivu. Kumwacha nalo ndiko kumtupa."

"Ndiyo, mwalimu," walijibu.

Alipoondoka walikaa chini ya dirisha. Nje mpira uligonga ukuta, watu wakapiga kelele. Hakuna aliyegeuka kutazama.

"Nitakuwa kambini wiki nzima," Miwani alisema. "Nikirudi nitakuletea maswali yote."

Kikokotoo alifikiri, na kwa mara ya kwanza siku ile alicheka.

"Lete," alisema. "Lakini majibu usiniambie. Tutayatafuta."