Pumzi ya Mama Kwenye Wimbo

Kila akitoka shule, Hedwiga aliwasha kompyuta ya baba yake kabla hata ya kula. Nyumba yao ya mtaa wa Sekei ilikuwa kimya tangu mama yake, Hanna, afariki mwaka uliopita. Baba yake, Manase, alishinda dukani akiuza vipuri vya magari hadi giza liingie. Basi binti huyo wa miaka kumi na miwili alikaa peke yake na nyimbo za kwaya ya usharika zilizorekodiwa kanisani, mama yake akiongoza. Aliupenda wimbo mmoja kuliko zote. Kabla mama hajaanza kuimba, alivuta pumzi, na kwa mbali mvua ilisikika juu ya bati. Pumzi hiyo ndiyo Hedwiga aliyoingoja. Ilikuwa kama mtu yumo chumbani, anataka kumsemesha.

Siku moja Lucky, binti wa jirani, alichungulia dirishani.

"We Hedwiga! Kompyuta yote hiyo ni ya kwaya tu? Weka bongo fleva, tuje wote tucheze!"

Nyumba ijae watu! Maneno hayo yalimwingia Hedwiga. Lakini Lucky alipoleta diski ya nyimbo zake, kompyuta ilikataa. Nafasi ilikuwa imejaa.

"Hizi za mama yako ndizo nene," Lucky alisema. "Tuziminye ziwe ndogo. Kaka yangu anaminya kila siku, wimbo unabaki uleule."

Wakaziminya hadi mwisho, zile kubwa za mwanzo wakazifuta. Watoto wa mtaa wakaja, wakacheza, wakamaliza maandazi, kisha kila mmoja akaitwa kwao. Kimya kikarudi. Hedwiga akaufungua wimbo wa mama.

Sauti ilitoka kama mtu anayeimba ndani ya ndoo. Mvua ilitatarika kama mafuta ya kukaangia. Pumzi haikuwepo.

Kesho yake Lucky hakuona tatizo. "Si uzipanue tena!"

Hedwiga akazipanua. Faili zikarudi kuwa kubwa kama mwanzo, lakini mama alikuwa bado ndani ya ndoo.

Jioni hiyo baba akamwambia, "Mwanangu, Jumamosi tunamkumbuka mama yako kwa bibi kule mlimani. Nataka ukoo wote umsikie. Nyimbo ziko tayari?"

"Baba... kompyuta imehari..." Hedwiga alianza, lakini hakuumaliza uongo huo. Akalia, akasema yote.

Baba akaketi kando yake. "Kwa nini, mwanangu?"

"Nyumba iko kimya, baba. Nilitaka watu."

Manase akachukua simu, akampigia Romanus, fundi aliyerekodi kwaya, anayeishi Kisongo.

"Una bahati, Manase," Romanus akasema. "Nakala za mwanzo bado ninazo, ila kesho mchana nilikuwa nifute kazi zote za mwaka jana. Njooni asubuhi."

Wakaenda alfajiri. Romanus akamvisha Hedwiga spika za masikioni. "Ukiminya wimbo sana, kompyuta inatupa sauti ndogondogo inazodhani hutazisikia. Ni kama mtori, ule mchuzi wa ndizi na nyama. Ukishatoa nyama, ukaongeza maji, sufuria inajaa, lakini nyama hairudi. Faili yako ilijaa maji, binti."

Kisha akaufungua wimbo. Mvua ikanyesha juu ya bati. Mama akavuta pumzi. Hedwiga akafumba macho.

Romanus akawapa nakala mbili. Jumamosi, uwanja wa bibi ulijaa watu hadi kwenye migomba. Pumzi iliposikika, watu wote wakageukia ilikotoka.

"Huyo Hanna," bibi akasema taratibu. "Huyo kabisa."

Baba akamsogelea Hedwiga. "Ungeniambia kompyuta imeharibika, ningeamini, na leo tusingekuwa na sauti hii. Kosa lako lilikuwa kubwa, lakini ulilisema lingali linatengenezeka. Ukikosea tena, niambie mapema hivyohivyo. Na mimi nimekosea. Nimekuacha peke yako na kompyuta. Kuanzia Jumatatu nafunga duka mapema, tutasikiliza wote. Mwite na Lucky."

"Lucky atataka bongo fleva, baba."

"Aje nazo," baba akacheka. "Ila za mama hakuna kuminya."